Kura za siri za kuwataja wezi kabla ya msimu wa korosho: tunamhukumu mtu kwa alichofanya au kwa jina lake?

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam kwenu.

Msimu umekaribia. Huku Mtwara mikorosho imeanza kuangusha, minada itafunguliwa Oktoba, na hela ikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima wizi nao hupanda. Hilo sibishani na mtu. Kilichonikalisha niandike ni mkutano wa mtaa wetu. Hoja iliyopigiwa makofi kuliko zote ilikuwa hii: zipigwe kura za siri, kila mkazi aandike majina ya wezi anaowajua, wenye kura nyingi wapelekwe kituoni pamoja na kila aliyewahi kufungwa gereza la Lilungu, na wakae ndani mpaka msimu uishe. Mwenyekiti ameahirisha, kikao kijacho tunaamua.

Nimekuwa karani wa mahakama za mwanzo mkoani Lindi mpaka nilipostaafu. Wapo watu niliowaandika daftarini mara nyingi hadi nikawa siwaulizi tena jina la baba. Kwa hiyo sizipingi kura hizi kwa kudhani vijana wetu ni malaika. Nazipinga kwa sababu najua kinachotakiwa kabla mtu hajafungwa, na najua kwa nini kinatakiwa.

Mahakamani hakuna hati ya mashtaka inayosomeka "huyu ni mwizi". Hati inataka siku, mahali, mali na mwenye mali: fulani, tarehe fulani, kijiji cha Nyangao, aliiba gunia la korosho mali ya fulani. Mshtakiwa anajibu hilo tu. Kama aliiba mara kumi huko nyuma na hili la kumi na moja hakulifanya, basi kwa hili hana kosa na anatoka. Najua linaudhi. Lakini tukikubali kwamba aliyewahi kuiba afungwe hata kwa wizi usio wake, yule aliyeiba kweli usiku ule yuko wapi? Yuko kwake amelala, na mwakani atarudi kwa raha zaidi, maana ameshajua kuna mtu wa kubebeshwa.

Je, sheria inaifumbia macho rekodi ya mtu? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Rekodi huingia baada ya hatia. Hakimu akishamtia mtu hatiani, ndipo anapouliza upande wa mashtaka kama zipo kumbukumbu za makosa ya nyuma. Zikitajwa, mshtakiwa anaulizwa kama anazikubali. Akizikana inabidi zithibitishwe, kwa kumbukumbu za mahakama iliyomfunga au kwa alama za vidole. Haitoshi askari kusimama na kusema "huyu tunamfahamu". Kisha anapewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Mliowahi kukaa kwenye benchi za mahakama mnayajua maneno yale: mheshimiwa, ni kosa langu la kwanza, nina mke na watoto, mama yangu mgonjwa. Kwa asiye na rekodi maneno hayo yana uzito kweli, nimeona watu wakiachiwa kwa masharti kwa ajili yake. Mwenye rekodi hapo hana la kusema. Atapewa adhabu inayopanda juu, ila haivuki kikomo cha kosa lile. Wizi wa kawaida kikomo chake ni miaka 7. Makosa ya zamani alishayatumikia, hayahukumiwi upya. Yanamwonyesha hakimu tu kwamba huruma ya mwanzo haikusaidia.

Yapo makosa ambayo sheria yetu haitofautishi kabisa. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30 kwa uchache, awe kijana aliyepotoka siku moja au jambazi wa miaka mingi. Adhabu za kima cha chini tunazo tangu sheria ya 1963, iliyokuja na miaka 2 na viboko 24 kwa makosa iliyoyaorodhesha, na ikafuatiwa na ile ya 1972. Kwa maoni yangu ubaya wake ni kwamba zinamfanya mkosaji wa kwanza na wa tano walingane mbele ya hakimu. Watu wanaotaka ukali zaidi hili hawalitazami.

Sasa lile linalotukera: "anafungwa leo, keshokutwa tunapishana naye sokoni." Kesi nyingi za kuku, mabati na korosho za ndoo mbili tatu zinaishia mahakama ya mwanzo, na uwezo wake kwa kawaida ni kifungo kisichozidi miezi 12. Sheria ya Magereza nayo humpa mfungwa mwenye mwenendo mzuri msamaha wa theluthi moja. Miezi 12 inakuwa 8. Anatoka na jina baya mkononi. Shambani hapewi kibarua cha kuokota korosho, ghalani hapewi gunia abebe, hata nahodha hataki apande chombo. Simwondolei lawama. Mlango aliuvunja yeye, na wapo ndugu zake wa tumbo moja waliolala na njaa ileile hawakuvunja mlango wa mtu. Lakini kati ya siku anayotoka Lilungu na siku anayoiba tena kuna wiki kadhaa ambazo hakuna mtu wala ofisi inayomuuliza anaishije, na huko ndiko ningependa makofi yetu yaelekezwe.

Haya ya kufunga watu kwa orodha si mapya. Mkoloni mwaka 1921 alitunga sheria ya adhabu ya pamoja, kijiji kizima kibebe kosa la mmoja. Baada ya uhuru tukatunga yetu mwaka 1969 ya kuwahamishia wakosaji wazoefu kwenye makazi maalumu, na 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, watu wakaokotwa mijini wakarudishwa vijijini. Tume ya Jaji Nyalali, ile ya kukusanya maoni kuhusu vyama vingi, ilipoorodhesha sheria 40 za kuangaliwa upya mwanzoni mwa miaka ya tisini, hiyo ya adhabu ya pamoja na hiyo ya 1969 zilikuwemo. Kura za siri pia tumeshaziona: mwaka 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, serikali iliziendesha. Karatasi kama ile inaweza kumpa mpelelezi pa kuanzia. Kumfunga mtu haiwezi. Na kwenye mtaa mdogo kama wetu wenye kesi za mipaka ya viwanja, wake wenza na madeni ya kangomba, yaani korosho zinazonunuliwa kwa magendo nje ya mnada, nani atakayeapa kwamba majina yataandikwa kwa ajili ya wizi tu?

Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kuziona kura hizi zikipigwa.


Duka la Pembejeo, Nanguruwe

Shikamoo mzee. Nimekusoma hadi mwisho na sikubaliani nawe.

Duka langu limevunjwa mara mbili. Mara ya pili walibeba salfa, mifuko ya kilo 25, wiki ambayo wakulima wote walikuwa wanapuliza. Nilikopa benki kuijaza ile stoo. Aliyevunja namjua, mtaa mzima unamjua, alishafungwa kwa kosa hilohilo. Alikamatwa, akakaa siku mbili, akatoka kwa kukosa ushahidi. Mashahidi wangu walikataa kwenda, mmoja aliniambia wazi, "kaka, yule anajua ninapolala."

Ninyi mnasema kila kosa lisimame peke yake. Mimi hasara zangu hazisimami moja moja, zinapangana. Marekani kuna sheria ya mara tatu: kosa la tatu unaingia ndani maisha. Kwa nini sisi tusiwe nayo?


Wakili Kijana

Kaka wa Nanguruwe, pole sana. Naanza na hilo la Marekani kwa sababu linatajwa sana bila watu kujua liliishia wapi.

California ilipitisha sheria hiyo mwaka 1994. Mtu mmoja, Gary Ewing, aliiba fimbo tatu za gofu, bei yake dola 399 kila moja. Kwa kuwa alikuwa na rekodi nzito nyuma, alihukumiwa miaka 25 hadi maisha. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2003 na adhabu ikabaki, majaji watano kwa wanne. Siku hiyohiyo mahakama ikaiacha pia adhabu ya miaka 50 hadi maisha ya mtu aliyeiba kanda za video za takribani dola 150. Mwaka 2012 wapiga kura wa California wenyewe wakailegeza: kosa la tatu sasa kwa kawaida lazima liwe zito au la ukatili. Waliokuwa wanataka ukali waliona matokeo yake wakarudi nyuma. Kodi ya kumlisha mtu miaka 25 kwa fimbo za gofu inalipwa na mwenye duka kama wewe.

Mfano mbaya zaidi ni India chini ya Waingereza. Sheria ya 1871 iliandikisha makabila mazima kuwa ya wahalifu. Mtoto anazaliwa yuko daftarini, akitaka kusafiri aombe ruhusa. Ilifutwa baada ya uhuru wao. Kanuni yetu ya Adhabu iliyoanza kutumika 1945 inatoka kwenye ukoo huohuo, na kile kifungu cha wazururaji kilimgusa hata "anayejulikana kuwa mwizi" asiye na njia ya kuonekana ya kujikimu. Mzee Karani, nakuongezea hicho ili picha ikamilike. Hata hivyo, jina peke yake halikutosha hata kwenye kifungu hicho.

Kuhusu ushahidi: Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inazuia tabia mbaya ya mshtakiwa kuletwa kuthibitisha kosa, isipokuwa yeye mwenyewe akianza kujisifu kwamba ni mtu mwema. Hapo mlango ameufungua mwenyewe. Na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Haisemi "mtu asiye na rekodi". Inasema mtu.

Lakini kaka, mwizi mzoefu huwa anafungwa kwa kitu kimoja: mali. Akikutwa na mali iliyoibwa karibuni na akashindwa kueleza ameipataje, mahakama inaweza kuona kwamba yeye ndiye mwizi, hata kama hakuna aliyemwona akivunja. Masharti yake ni kwamba mali itambuliwe bila shaka kuwa yako, na uitaje alama zake kabla hujaonyeshwa. Hapa ndipo kesi nyingi za kusini zinapofia. Korosho ni korosho, salfa ni salfa. Weka alama yako ya siri kwenye mifuko, tunza risiti na namba, wizi ukitokea ripoti asubuhi hiyohiyo na alama zako ziandikwe kwenye maelezo yako. Shahidi anayeogopa kulala kwake hutamhitaji sana.

Lingine ambalo watu hawalitumii: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ina utaratibu wa kumwita mbele ya hakimu mtu anayedaiwa kuwa mkosaji mzoefu ili aeleze kwa nini asiwekewe dhamana ya mwenendo mwema. Anasikilizwa, ushahidi unatolewa, anaweza kupinga. Hiyo ndiyo njia halali ya kumtazama mtu kabla hajaiba.


Mmakonde wa Kitangari

Mnaongea vizuri ila mnachelewesha. Huku kwetu mwizi wa korosho akishikwa shambani hafiki kituoni. Wananchi wakimaliza, polisi wanakuja kuchukua mwili. Msimu mzima kunatulia.


Karani Mstaafu

Ndugu yangu wa Kitangari, hili siwezi kulipita kimya.

Ukimpiga mtu ukamuua baada ya kwamba ameshashikwa na amefungwa kamba, hujajilinda, umeua. Na sheria yetu haisemi "walikuwa wengi". Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinasema watu wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo haramu, na kosa likatokea kama matokeo yanayotarajiwa ya nia hiyo, kila mmoja ahesabiwe kuwa amelitenda. Aliyeleta tairi, aliyeshika miguu, aliyerusha jiwe moja akaondoka. Kila mmoja peke yake, na adhabu ya mauaji ya kukusudia ni kunyongwa. Watu wanaingia kwenye kundi wakidhani kosa litagawanyika hadi liishe. Haligawanyiki.

Niliwahi kuandika jalada la mwanzo la jambo kama hilo. Aliyeuawa alikuwa mgeni aliyepotea njia kutoka mnadani. Sitaki kuliandika zaidi ya hapo.


Binti Mikindani

Shikamoo baba Karani, na wengine habari zenu.

Kaka yangu alifungwa kwa kuvunja nyumba. Alivunja kweli, na mama aliuza kiwanja kuwarudishia wenyewe vitu vyao. Sikuja kumtakasa.

Tangu atoke, kikipotea kitu kuanzia huku hadi Chikongola, ulinzi shirikishi wanaanzia kwetu. Mara ya mwisho walimkuta kwenye matanga ya mjomba, watu zaidi ya nusu ya mtaa wakiwa naye tangu alasiri, wakamchukua hivyohivyo. Asubuhi akaachiwa bila hata kuandikwa chochote. Aliyekuwa amempa kazi ya kupara samaki feri akamwambia asirudi. Mtoto wake yuko darasa la nne, wenzake wanamwita mtoto wa mwizi, na mwalimu anasikia.

Kaka wa Nanguruwe, ninaumia kwa salfa yako, wallahi. Lakini jina la kaka yangu litakuwa la kwanza kwenye hizo karatasi, na msimu mzima atakaa ndani kwa kosa gani? Alilofanya alishalilipa. La sasa hakuna anayeweza kulitaja.


Mkulima wa Tandahimba

Wakuu, nina maswali mawili ya kweli, siyo ya ubishi.

La kwanza: kijana wa jirani ana miaka kumi na moja, ametoka jandoni, na kwa mila zetu akitoka jandoni ni mtu mzima. Amekamatwa na ndoo ya korosho zangu. Anashtakiwa au hashtakiwi? La pili: mpwa wangu akiwa mzima hagusi cha mtu, ila msimu wa mabibo akinywa uraka, pombe ya mabibo, na hasa nipa, ile kali ya kukenekwa, anaingia nyumba za watu. Kesho yake analia, anasema pombe ndiyo iliyoiba.


Wakili Kijana

Mkuu wa Tandahimba, la mtoto: chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kwa lolote. Kuanzia 10 hadi kabla ya 12, hawezi kutiwa hatiani mpaka ithibitike kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua kuwa asifanye vile. Jando linamfundisha mengi na naliheshimu, nimepita huko mwenyewe, lakini mahakamani haliongezi miaka. Na hata akitiwa hatiani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela aliye chini ya miaka 18. Kwa ndoo moja, mimi ningemwita baba yake na mtendaji wa kijiji. Ukimpeleka kituoni akiwa na miaka kumi na moja unamwanzishia jina ambalo dada wa Mikindani ametueleza linavyokaa.

La mpwa: ulevi si utetezi kwa mtu aliyekunywa kwa hiari. Sheria inamsikiliza kama alinyweshwa na mwingine kwa hila au bila ridhaa yake akawa hajui alifanyalo, au ulevi umemfikisha kwenye wazimu. Mahakama inaweza pia kuutazama ulevi pale kosa linapohitaji nia maalumu, hilo ni la wakili na ushahidi. Lakini mtu anayejua kila mwaka kwamba nipa humpeleka kwenye nyumba za watu, na kila mwaka anakunywa, ameshachagua mapema. Mwambie hivyo kabla mabibo hayajakolea.


Karani Mstaafu

Mwanangu wa Mikindani, ahsante kwa kuandika. Kama mnaweza, siku akichukuliwa tena mmoja wenu aende naye, aulize anakamatwa kwa kosa gani na aandike jina la aliyemchukua. Kwa makosa ya kawaida mtu asiyefikishwa mahakamani ndani ya saa 24 anatakiwa apewe dhamana. Kituo kinajua hivyo; kinachokosekana ni ndugu wa kusimama pale kaunta.

Kwenye kikao nitapeleka haya, nayaandika ili mnisahihishe. Kura zisipigwe. Mwenye taarifa ya wizi maalumu, wa siku maalumu, aipeleke kwa mkuu wa upelelezi na taarifa ilindwe. Kwa wale wawili watatu ambao mtaa una ushahidi nao wa kweli, uombwe utaratibu wa dhamana ya mwenendo mwema alioutaja wakili, hadharani, mbele ya hakimu, nao wakiwepo. Afisa probesheni wa wilaya aitwe mtaani, maana Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 atumikie nje kwa kazi za umma, na makosa ya kwanza mengi yangeishia huko badala ya Lilungu anakokutana na walimu wa kazi. AMCOS yetu, chama chetu cha ushirika cha wakulima, iombwe iwape vibarua vya kubeba magunia waliotoka gerezani, mchana, mbele ya karani wa ghala, mizani ikiandikwa. Na zamu za ulinzi wa usiku zirudi kwa kila kaya, tajiri na maskini.


Duka la Pembejeo, Nanguruwe

Mzee, nitakuja kwenye kikao chenu, nina stoo mtaani kwenu pia. Dada wa Mikindani nimekusoma mara mbili. La matanga lile halikubaliki.

Ila naomba zamu za usiku ziwe agenda ya kwanza, kabla ya probesheni na hayo mengine. Nikiona majina ya kaya yameandikwa na tarehe zimewekwa, kura zenu nitazikataa pamoja nanyi. Yasipoandikwa siku hiyohiyo, mimi nitaomba karatasi na kalamu. Alama kwenye mifuko nimeanza kuweka leo.